Je, Wajua? Chavua Katika Pua ya Mtoto

Je, wajua kwamba hakuna mtoto anayezaliwa na mzio wa chavua? Anaweza kuzaliwa katika ukoo wa watu wenye pumu na ukurutu, akarithi mwelekeo huo kwa baba au kwa mama, lakini chavua yenyewe mwili wake hauna budi kuijua kwanza. Huijua kwa kuivuta puani, msimu huu na msimu ujao, mpaka kinga ya mwili iamue, kwa makosa, kwamba ule unga wa maua ni adui wa kupigwa vita. Ndiyo maana si ajabu kumkuta mtoto wa miezi minane anavimba midomo baada ya kuonjeshwa yai, ilhali kumkuta wa umri huo mwenye mzio wa chavua ni nadra. Vyakula hutangulia, hasa yai na maziwa ya ng'ombe. Chavua huja nyuma, kwa kawaida baada ya mtoto kutimiza miaka miwili au mitatu.

Ujerumani walilifuatilia jambo hili kwa subira ya kupigiwa mfano. Watoto 1,314 waliozaliwa mwaka 1990 katika miji mitano, Berlin, Düsseldorf, Freiburg, Mainz na München, waliandikishwa tangu kuzaliwa na kufuatiliwa hadi ukubwani. Kila baada ya muda walitolewa damu, na damu hiyo ikahifadhiwa. Miaka mingi baadaye watafiti waliipima upya, wakaona jinsi mzio unavyojijenga hatua kwa hatua. Mwili huanza na protini moja tu ya chavua ya nyasi, mara nyingi ile iitwayo Phl p 1. Kisha huongeza ya pili, ya tatu, na kuendelea, hadi mtoto anakuwa na kingamwili za protini kadhaa za mmea uleule. Lililonigusa zaidi katika matokeo hayo ni hili: kwa baadhi ya watoto kingamwili hizo zilikuwa zimeshaingia kwenye damu miaka kadhaa kabla hawajaanza kupiga chafya za msimu. Ugonjwa anaouona mwalimu wa darasa la tatu ulianza kujengwa mtoto akiwa chekechea.

Na hiyo Phl p 1, je, wajua kazi yake kwenye nyasi ni nini? Ni kulegeza kuta za seli za sehemu ya kike ya ua ili mrija wa chavua upenye na kulifikia yai. Chembe ikitua kwenye ua lenye unyevu, huachia protini zake upesi. Ikitua kwenye utando wa pua ya mtoto, ambao nao una unyevu, hufanya vivyo hivyo ndani ya dakika chache. Haikukusudiwa kumdhuru mtu yeyote.

Chembe moja ya chavua ya nyasi ina upana wa mikromita 30 hivi, maana yake ukizipanga zipatazo 33 kwenye mstari ndipo unapata milimita moja. Kwa ukubwa huo haiwezi kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Hunaswa juu, puani na machoni, na ndiyo sababu dalili za kwanza za mzio huu ni pua inayowasha na macho mekundu yenye machozi. Likumbuke hilo, maana tutakapofika Melbourne litahitajika.

Mwezi wa Oktoba, mijakaranda ya Nairobi na Arusha inapochanua, wengi huyatazama yale maua ya zambarau na kuyatupia lawama ya kila chafya. Mti huo unasingiziwa. Ua lenye rangi na nekta limeumbwa kumwita nyuki. Chavua yake ni nzito, inanata, na hubebwa na mdudu kutoka ua hadi ua. Wa kushukiwa ni mmea usio na ua la kutazamwa, yaani nyasi za kando ya barabara, ambazo humwaga chavua kavu na nyepesi kwa wingi mno, kwa kuwa hazina nyuki wa kuzibebea mzigo na upepo hauna anwani.

Hata hivyo, si kila chavua ya upepo yenye madhara. Anayepita kwenye misitu ya misindano ya Sao Hill, Mufindi, wakati wa kuchanua ataona unga wa manjano juu ya madimbwi. Chembe ya msindano ina vifuko viwili vya hewa vinavyoisaidia kuelea mbali, lakini ni mara chache sana kumletea mtu mzio. Mbelewele moja ya mahindi nayo humwaga chembe kwa mamilioni, ila ni kubwa na nzito, na nyingi huangukia humohumo shambani.

Kwa upande wetu nyasi ya kuangaliwa ni ukoka, uleule unaotambaa kwenye viwanja vya mpira na mbele ya nyumba. Afrika ni miongoni mwa maeneo yake ya asili, na leo umeenea katika nchi zote za joto, ukijulikana kwa chavua yake inayoleta mzio. Protini zake zinatofautiana kwa kiasi kikubwa na zile za nyasi za Ulaya. Kwa hiyo kipimo kilichotengenezwa kwa nyasi za Ulaya peke yake kinaweza kumwonyesha mtoto wa Dodoma kuwa hana mzio wowote, wakati ukoka ndio unaomliza. Mzazi anayempeleka mwanawe kupimwa ana haki ya kuuliza: hapa mnapima kwa nyasi gani?

Kuna wageni wawili ambao ningependa wajulikane zaidi. Wa kwanza ni mathenge, mti wa Amerika ulioletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, nao ukaenea hadi ukawashinda wenyeji. Jamii hiyo ya miti imeota pia Oman na katika nchi nyingine za Ghuba, na huko madaktari wa mzio huihesabu chavua yake miongoni mwa zile zinazowasumbua wagonjwa wao. Wa pili ni gugu karoti, lenye maua madogo meupe, ambalo limeshaingia Ethiopia, Kenya, na kwetu Arusha. India walitangulia kulijua: linawasha ngozi likiguswa, na chavua yake huleta mafua ya mzio. Watoto wasitumwe kuling'oa kwa mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye fumbo ambalo limewashughulisha madaktari kwa miaka 200.

Mwaka 1819 daktari wa Uingereza aitwaye John Bostock alisimama mbele ya wenzake London na kuwaeleza habari za mgonjwa ambaye kila mwezi Juni ukifika macho yalimwasha na kuvimba, akapiga chafya mfululizo, na kifua kikambana. Dalili hizo zilimwanza akiwa na miaka minane. Mgonjwa huyo alikuwa Bostock mwenyewe. Akaanza kuwatafuta wenye hali kama yake, na kufikia mwaka 1828 alikuwa amekusanya wagonjwa 28 tu. Tena wote walikuwa watu wenye nafasi. Miongoni mwa maskini, aliandika, hakumpata hata mmoja asiye na shaka.

Daktari mwingine, Charles Blackley wa Manchester, ndiye aliyethibitisha kwamba kisa ni chavua. Aliipaka kwenye mkono wake baada ya kuukwaruza ngozi, akatazama palivyovimba na kuwasha. Alirusha tiara zilizobeba vioo vyenye gundi, zaidi ya mita 300 juu, akakuta chavua hata huko. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873, na ndani yake mna swali alilolikuta bila kulitafuta: mbona wakulima, wanaoishi ndani ya nyasi na kuvuta chavua kuliko mtu yeyote, ndio wenye ugonjwa huu kwa uchache kuliko wote?

Jibu halikuja upesi. Mwaka 1989 mtafiti David Strachan aliwachunguza Waingereza 17,414 waliozaliwa mwaka 1958, akaona kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na kaka na dada wakubwa wengi nyumbani ndivyo alivyokuwa na nafasi ndogo ya kupata mafua ya chavua. Alikisia kwamba vijidudu ambavyo wakubwa huwaletea wadogo vinaifunza kinga ya mwili ustahimilivu. Kule Marekani wako Waamish na Wahutteri, jamii mbili za wakulima wenye asili ya Ulaya ya Kati, wanaokula vyakula vinavyofanana na wasiofuga mbwa wala paka ndani. Waamish wa Indiana bado wanalima kwa farasi, na watoto wao huingia zizini wakiwa wadogo. Wahutteri wa South Dakota wana mashamba makubwa ya mashine, mbali na nyumba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, pumu ilikuwa karibu asilimia 5 kwa watoto wa Kiamish na karibu asilimia 21 kwa wa Kihutteri. Waliokuwa na kingamwili za mzio walikuwa asilimia 7 kwa 33. Vumbi la nyumba za Waamish lilikuwa na mabaki ya bakteria mara nyingi zaidi, na lilipowekwa puani mwa panya liliwakinga dhidi ya pumu.

Kenya ina ushahidi wake. Watafiti waliwakimbiza wanafunzi wa Nairobi na wa vijijini Murang'a, kisha wakawapima pumzi. Waliobanwa kifua baada ya mbio walikuwa asilimia 22.9 mjini na 13.2 kijijini, kama ilivyochapishwa mwaka 1998. Miaka minne baadaye ukatoka utafiti uliowalinganisha watoto wa kijiji cha Kabati na wale wa mji wa Thika, na huo ukaleta jambo jingine la kufikirisha: watoto wengi wa Kabati walikuwa na kingamwili za mzio katika damu, pamoja na kingamwili za minyoo aina ya Ascaris, lakini hawakuwa wakiumwa kwa kiwango ambacho damu yao ingemfanya daktari wa Ulaya akitarajie.

Minyoo inaingiaje hapa? Kingamwili inayoleta mzio huitwa IgE, na kazi yake ya asili, kwa kadiri sayansi inavyoelewa, ni kupambana na minyoo na vimelea vingine vikubwa. Ni kingamwili adimu kuliko zote katika damu, na ilichukua muda mrefu kupatikana. Waliiona kwanza Wajapani wawili, mke na mume, Teruko na Kimishige Ishizaka, wakiwa Denver, Marekani, mwaka 1966, kwa kutumia damu ya wagonjwa wa chavua ya gugu liitwalo ambrosia. Majaribio mengine waliyafanya katika ngozi zao wenyewe. Wakati huohuo Waswidi Johansson na Bennich wa Uppsala nao walikuwa wameifikia kwa njia yao, na mwaka 1968 ikapewa jina rasmi.

Minyoo nayo haikai kimya mwilini. Ili iishi humo miaka, huituliza kinga ya mwenyeji wake. Huko Lambaréné, Gabon, mwaka 2000, ilionekana kwamba watoto wenye kichocho ngozi zao hazikuitikia sana kipimo cha utitiri wa vumbi. Walipotibiwa minyoo mara kwa mara, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, mwitikio uliongezeka. Entebbe, Uganda, wanawake wajawazito 2,507 waliingia katika jaribio kubwa la dawa za minyoo, na mwaka 2011 Dkt. Harriet Mpairwe na wenzake wakatoa taarifa kwamba watoto wa waliomeza albendazoli wakiwa na mimba walipata ukurutu zaidi kuliko watoto wa waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Hapo mtu angeweza kukimbilia kusema minyoo ni dawa. Asikimbilie. Katika visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, vijiji vya wavuvi vilipewa dawa za minyoo kwa wingi kwa miaka mitatu, vikalinganishwa na vilivyopewa kwa kiwango cha kawaida, na mzio wala pumu havikuongezeka. Kichocho kinaharibu kibofu na ini, minyoo ya safura inakausha damu ya mtoto, na hakuna mzazi anayepaswa kuacha kumpa mwanawe dawa ya minyoo kwa kuogopa chafya. Ninalolichukua mimi katika tafiti hizi ni kwamba chavua peke yake haitoshi kumfanya mtoto mgonjwa. Inategemea mwili umefundishwa nini, na wapi, katika ile miaka ya mwanzo.

Kupimwa kwenyewe kunakuwaje? Mtoto anyooshe mkono, kiganja kikitazama juu. Muuguzi anaandika namba kwa kalamu kwenye ngozi ya ndani ya kigasha, anadondosha tone la kila kimiminika mbele ya namba yake: nyasi, utitiri, mende, paka. Juu ya kila tone anachoma kidogo kwa ncha fupi, damu isitoke, kisha anapangusa. Kuna matone mawili ya kulinganishia: la maji ya chumvi, ambalo halipaswi kufanya lolote, na la histamini, ambalo lazima livimbe kwa kila mtu. Baada ya dakika 15 anapima kwa rula. Uvimbe wa milimita 3 au zaidi kupita ule wa maji ya chumvi unahesabiwa kuwa chanya. Dawa za mzio huzima mwitikio huo, kwa hiyo mtoto huambiwa aziache siku kadhaa kabla.

Lakini, je, wajua kwamba kipimo chanya si ugonjwa? Kinasema tu kwamba mwili umeitambua chavua hiyo. Mtoto anaweza kuvimba milimita 5 kwa ukoka na akacheza mpira juu ya ukoka huohuo bila chafya. Daktari mzuri husikiliza maelezo kwanza, ndipo akatazama mkono. Anayempigia mtoto marufuku vyakula kumi na uwanja wa michezo kwa sababu ya karatasi ya maabara peke yake anamwonea.

Na katika sehemu nyingi za pwani yetu, penye joto na unyevu mwaka mzima, wa kwanza kushukiwa ni utitiri wa vumbi na mende, si chavua. Njia ya kuvitofautisha ni kalenda. Anayeumwa kila asubuhi akiamka kitandani, masika na kiangazi, atazamwe godoro na mto. Anayezidiwa wiki chache baada ya mvua, nyasi zinapotoa mashuke, na akapata nafuu zikikauka, huyo atazamwe nje.

Wajapani wamejifunza kwa gharama kubwa jinsi uamuzi wa msitu unavyoweza kuishia puani mwa mtoto. Baada ya vita vya pili vya dunia walipanda mierezi yao, sugi, milimani kote ili kupata mbao za kujengea upya. Miti hiyo ikakua kwa pamoja, ikachanua kwa pamoja. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 mzio wa sugi ulikuwa kwa watoto chini ya 4 katika 100 wenye umri wa miaka 0 hadi 4. Kwa wa miaka 5 hadi 9 ulikuwa kwa 30 hivi katika 100, na kwa vijana wa miaka 10 hadi 19 ulikaribia nusu yao. Hakuna takwimu ninayoijua inayoonyesha wazi zaidi kwamba umri wa kabla ya shule ndio umri wa kuangaliwa. Mwaka 2023 serikali yao ilitangaza mpango wa kupunguza mashamba ya sugi kwa asilimia 20 katika miaka kumi.

Stockholm nako, majira ya machipuko ya mwaka 1993, miti iitwayo mibetula ilimwaga chavua kwa kiasi kisicho cha kawaida. Watoto waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza wa maisha wakati huo walipofika miaka minne na nusu walionekana kuwa na mzio wa betula zaidi ya wale waliozaliwa mwaka uliofuata, ambao chavua ilikuwa kidogo.

Mtoto mwenye mzio wa betula anaweza pia kuwashwa midomo na koo akila tufaha bichi, kwa sababu protini za viwili hivyo zinafanana. Tufaha likipikwa, protini inavunjika na muwasho hauji. Kwa wenye mzio wa ambrosia, muwasho kama huo huweza kutokea kwa tikiti na ndizi.

Sasa Melbourne. Jioni ya tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ya radi iliupiga mji huo wa Australia katikati ya msimu wa nyasi. Chembe za chavua ziliponyonya maji zikapasuka, zikatoa vijipunje vya wanga vyenye protini za mzio, vidogo mno kiasi cha kuteremka hadi ndani ya mapafu ambako chembe nzima haifiki. Ndani ya saa chache maelfu walifurika hospitalini wakiwa hawawezi kupumua. Watu kumi walikufa. Wengi wa walioumwa hawakuwahi kuambiwa kwamba wana pumu, bali walikuwa na kile walichokiita mafua ya msimu tu. Mwenye mzio wa chavua na kifua kinacholia asikae nje wala asifungue madirisha upepo wa kwanza wa dhoruba unapovuma.

Na misimu inarefuka. Katika Amerika Kaskazini, kati ya mwaka 1990 na 2018, msimu wa chavua uliongezeka kwa siku 20 hivi na kiasi cha chavua hewani kwa asilimia 21, na ongezeko la joto duniani ni sehemu kubwa ya sababu. Chavua huhesabiwa kwa mtego uliobuniwa na Mwingereza Hirst mwaka 1952, unaovuta lita 10 za hewa kwa dakika na kuinasa chavua kwenye utepe wenye gundi. Mitego ya aina hiyo imejaa Ulaya, na Afrika Kusini ina mtandao wake. Mji wowote wa Afrika Mashariki unaoweza kulipia kituo cha hali ya hewa unaweza kulipia na huu, na watoto wetu wanauhitaji.

Vipi kuhusu asali? Wengi huamini kwamba kijiko cha asali ya hapo kijijini humzoesha mtoto chavua ya hapo kijijini. Tatizo ni kwamba chavua iliyomo kwenye asali kwa sehemu kubwa ni ya maua ya nyuki, nayo siyo inayopeperushwa na upepo hadi puani. Asali ni nzuri kwa kikohozi cha mtoto mkubwa. Kwa mtoto asiyefikisha mwaka mmoja ni hatari na asipewe kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu.

Uso wa mtoto, kwa anayeutazama, husema mengi kabla ya maabara. Mtazame anavyojifuta: anaweka kiganja chini ya ncha ya pua na kuisukuma juu kuelekea paji la uso, mara nyingi kwa siku. Baada ya miezi ya kufanya hivyo hutokea mstari mwembamba wa kukata juu ya pua, pale gegedu laini linapokutana na sehemu ngumu. Chini ya macho kuna weusi usiotokana na kukosa usingizi peke yake, kwani damu inatuama pale pua ikiwa imeziba. Mdomo uko wazi. Usiku anakoroma. Kamasi ni jepesi kama maji, si la kijani. Hana homa. Mafua ya kawaida ya virusi huisha ndani ya wiki moja au mbili, lakini haya yanakwenda mwezi, na mtoto anapewa antibiotiki ya tatu ambayo haitamsaidia chochote.

Dawa zipo, na nyingi si ghali. Setirizini na loratadini humtuliza muwasho bila kumlaza usingizi sana. Klorofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton, humfanya asinzie darasani, na mtoto mdogo asipewe bila ushauri wa daktari. Kwa pua iliyoziba muda mrefu, dawa bora ni ya kupuliza puani yenye steroidi kidogo. Ielekezwe upande wa sikio, si katikati ya pua, na itumike kila siku. Nguvu yake kamili huonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili, na kosa la kawaida ni kuiacha siku ya tatu kwa kudhani haifanyi kazi.

Ipo na tiba ya kuufundisha mwili upya. Leonard Noon aliianza London mwaka 1911 kwa kuwadunga wagonjwa chavua ya nyasi kidogo kidogo, akiongeza kipimo taratibu. Katika jaribio lililofanyika nchi tano za Ulaya, watoto 205 wenye mzio wa betula au nyasi walishiriki, na waliopewa tiba hiyo kwa miaka mitatu walipata pumu kwa uchache kuliko wenzao, hata walipotazamwa tena miaka kadhaa baadaye. Kwetu tiba hii bado ni ya wachache.

Kilicho karibu na kila mmoja wetu, mtoto akiwa na pumu, ni chupa ya maji ya nusu lita. Mtoto mdogo hawezi kuvuta inhela moja kwa moja, dawa huishia kwenye ulimi. Anahitaji chombo cha kati, speisa, kinachoishikilia dawa hewani wakati akipumua. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa tupu ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuibana inhela na kuzibwa vizuri pembeni, inafanya kazi sawa na speisa ya dukani. Mtoto anaweka mdomo wake kwenye mdomo wa chupa, mzazi anabonyeza mara moja, mtoto anapumua taratibu. Muulize muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto akiwa na chafya na kamasi jepesi kwa wiki nne, andika siku zenyewe, andika mvua na nyasi, umpeleke kliniki ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Na akianza kupumua haraka, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, au akishindwa kumaliza sentensi moja bila kutweta, usisubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huohuo.